Jumapili Sita za Kwenda Kinampanda

Tangu nirudi Muheza mmeniuliza maswali mawili tu: mke yuko wapi, na ile pikipiki ilikuwa na ugonjwa gani. Wengine wenu mmeanza na pikipiki. Nimechoka kujibu kipande kipande barazani, kila mtu akiondoka na kipande chake na kukitia chumvi. Naandika yote mara moja. Anayetaka kucheka na acheke akiwa nyumbani kwake.

Dodoma hadi Singida

Mnaikumbuka barua ya Danieli, niliyesoma naye sekondari. Aliandika kwamba dada yake Naomi, mwalimu huko kwao Kinampanda katika nchi ya Iramba, amekuwa mjane mwaka wa nne sasa, hana mtoto, anapenda vitabu, na hana subira na wajinga. Mimi nami nina miaka arobaini na mbili na tangu vita viishe nimelala kwenye vyumba vya watu kuanzia Mombasa hadi Kisumu. Danieli aliona hesabu hiyo inajumlishika. Nikapanda treni.

Dodoma ningepanda lori kama watu wenye akili. Badala yake nilikutana na Mzungu mpima ardhi aliyekuwa anarudi kwao, akiuza pikipiki iliyotumika vitani na kurudi na makovu mengi kuliko niliyorudi nayo mimi. Aliniambia ni mashine mwaminifu. Alipopata alichotaka alipanda treni siku hiyo hiyo, na hilo lingenitosha kama ningekuwa na masikio.

Lakini lazima niiseme kweli: safari ile ya kwanza haikunisumbua. Asubuhi ilitaka mateke matano, mchana mawili. Kwenye matope ya Bahi niliikokota saa nzima, na kupanda mlima wa Saranda ilikohoa kama babu, lakini ilipanda. Shida ilikuwa watu. Huko njiani aliyezoeleka kupita na pikipiki ni Mzungu au tarishi wa Serikali, na tarishi huja kwa habari moja tu, kodi ya kichwa. Kila kijiji nilichofika wanaume walikuwa wameshasikia mlio na kuingia porini. Nilipokewa na wanawake peke yao, wenye adabu nyingi na majibu mafupi.

"Mume wangu yuko safarini," mmoja aliniambia kabla sijauliza chochote.

"Mama, mimi natafuta maji ya kunywa tu."

"Hata yeye alikuwa anatafuta maji. Ndiyo safari yenyewe."

Karibu na Manyoni jumbe mmoja aliniletea kuku wa kuchoma na bakuli la maziwa ya mgando, akakaa mbele yangu akinitazama nile. Nilipomaliza bila kuuliza habari za kodi alishusha pumzi, akanipa na kuku wa pili. Sikumsahihisha. Siku tatu nilisafiri hivyo, nikila hofu ya watu, na sijapata kula vizuri hivyo tangu utoto.

Singida niliiona kwanza kwa mawe yake, makubwa, yamekaa juu ya mengine kama watu waliochoka kusubiri zamu.

Kinampanda, siku ya kwanza

Baba yake Naomi, Mzee Yona, ni seremala na mzee wa kanisa. Mabenchi ya kanisa ni kazi ya mikono yake, na hayana egemeo kwa sababu, anasema, mtu hakuja kulala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetoka kwenu lini?"

Nikamwambia.

"Umechelewa," akasema, ingawa hakuna siku tuliyokuwa tumeagana.

Naomi alikuwa mrefu, mwenye macho ya kusahihisha madaftari. Tulikula ugali wa mtama na mlenda, na yeye ndiye aliyeuliza maswali. Nilimweleza Mombasa, Kampala, Kisumu, jinsi meli za ziwani zinavyopiga honi asubuhi. Alisikiliza vizuri, kisha akasema:

"Na huko kote, Bwana Zakaria, ulikuwa unaondoka kwa sababu gani?"

"Basi tu. Gari lilikuwepo."

Akacheka. Nilimpenda saa ile ile, na sisemi hivyo kwa kupamba. Katika siku nne tulizokaa kuongea mbele ya wazee tulikubaliana, na Mzee Yona akanieleza utaratibu wao. Ndoa hutangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo, na mchungaji huuliza kama yupo anayejua kizuizi. Hilo nalijua, hata kwetu lipo. Lakini usharika ule ulikuwa umeongeza lake.

"Mgeni hatutangazi jina tupu," alisema. "Jina halina uso. Mgeni husimama mbele, watu wamwone, ili kama kuna aliyemwona mahali na mke mwingine aseme. Jumapili tatu, saa nne. Ukikosa moja, tunaanza upya."

"Upya tangu mwanzo?"

"Kwani upya mwingine unaanzia wapi?"

Kiomboi, hatua chache kutoka hapo, palikuwa na kazi ya ukarani. Danieli alikuwa ameniulizia. Mimi nikachukua nyingine, ya mfanyabiashara mmoja wa Singida aliyetaka mtu wa kupokea nta na asali Mgori, upande wa pili kabisa. Nilimwambia Naomi kazi ya Mgori ina heshima zaidi. Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa sijauona msitu wa Mgori.

Mgori

Nilipanga chumba kwa Mzee Ntandu, Mnyaturu mfuga nyuki. Mizinga yake ya magogo ilikuwa msituni, lakini minne aliyoipenda zaidi aliitundika nyuma ya nyumba. Ni mtu mpole asiyeweza kupita penye tundu akaliacha. Mtungi uliopasuka, kibuyu kilichotoboka, ufa wa mlango, vyote alivizibia kwa nta, akiilainisha kwa vidole na kuisugua kwa dole gumba mpaka ikang'aa. Hata kiatu changu alinizibia nilipokuwa nimelala mchana. Nilimshukuru.

Pikipiki aliitazama siku ya kwanza kwa muda mrefu.

"Inanuka," akasema.

"Ni petroli, mzee. Ndicho chakula chake."

"Nyuki hawatapenda."

Nikadhani mazungumzo yameishia hapo.

Mgori hadi Kinampanda: Jumapili ya kwanza

Niliondoka alfajiri nimevaa suti yangu ya pekee. Pikipiki iliwaka kwa mateke matatu, ikaenda vizuri maili kumi hivi, kisha ikalegea, ikakohoa, ikafa. Nikapiga teke. Nikapiga ishirini. Kimya.

Mimi ni mtu niliyesoma, na mpima ardhi alikuwa amenipa kitabu cha mashine ile. Nikakaa chini kando ya barabara na suti yangu, nikafanya kila kilichoandikwa. Nilitoa plagi, nikaipiga brashi, nikaona cheche zake ni nzuri. Nilifungua kabureta, nikaipuliza. Nilipuliza hata mpira wa mafuta. Wakati huo wakulima kama saba walikuwa wamesimama wananitazama, na mama mmoja mwenye jembe begani akauliza:

"Mafuta yamo?"

Swali hilo liliniudhi kuliko kufa kwa pikipiki. Tangi nilikuwa nimelijaza mwenyewe jioni ya jana yake.

"Mama, mafuta yamo."

"Umeangalia?"

Ili wanyamaze, nikafungua kifuniko cha tangi. Kilitoa sauti kama mtu anayevuta pumzi ghafla. "Haya, tazameni," nikasema, "mafuta haya hapa." Wakatazama kwa zamu, wakaridhika. Nikafunga, nikapiga teke, ikawaka.

Nikahesabu kwamba dawa ilikuwa kusafisha plagi.

Baada ya maili kumi na mbili ikafa tena. Nikasafisha plagi mpaka ikang'aa kama pete, haikuwaka. Nikahamia kwenye kabureta, haikuwaka. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi akauliza kama mafuta yamo. Nikamfungulia tangi kwa hasira, atazame, nikafunga, ikawaka. Nikahesabu kwamba dawa, kumbe, ni kabureta. Singida niliulizwa habari za mafuta. Iguguno niliulizwa tena na watu watatu, mmoja wao kipofu. Kila mara nilianza na mambo makubwa ya kitabuni, na tangi nikalifungua mwisho kabisa, kwa ajili ya wajinga.

Nilifika Kinampanda watu wanatoka kanisani. Mzee Yona alitazama suti yangu, mafuta magotini, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Tunaanza upya," akasema.

"Mzee, hata hatujaanza."

"Ndiyo maana ni rahisi."

Naomi alinipa maji ya kunawa. Nilisikia baadaye kwamba alikuwa amekaa benchi la mbele nguo mpya mwilini, na pembeni yake pamewekwa nafasi ya mtu mmoja.

Jumapili ya pili na ya tatu

Jumapili ya pili nilifika, tena mapema. Nilikuwa nimeondoka Mgori Jumamosi adhuhuri, jua la kuchemsha yai, nikalala Singida, na pikipiki haikukohoa hata mara moja. Nilisimama mbele ya kanisa, mchungaji akatusoma, watu mia mbili wakanikagua kama ng'ombe wa mnadani. Hakuna aliyesema kitu. Baadaye akina mama walimwambia Naomi nina masikio mazuri. Ikaandikwa moja.

Ya tatu, kazi ya nta ilinizuia Mgori hadi Jumamosi jioni, nikaondoka alfajiri kama mwanzo, na pikipiki nayo ikafa kama mwanzo. Safari hii alisimama Mzungu mmoja bwana shamba, na gari lake, na miwani yake ya jua.

"Wewe nafanya nini?"

Nikamweleza kwa Kiingereza. Akanijibu kwa Kiswahili, maana alikuwa amejifunza na hakutaka kiharibike.

"Mashine kama hii nataka mkono ya nguvu. Nyinyi napenda kupanda tu, hapana penda kutunza. Hii ndiyo shida ya nchi yote."

Nusu saa nzima alinifundisha shida ya nchi yote. Aliikaza kila nati iliyokazika. Alipiga teke mara kumi na tisa, nilihesabu, uso ukawa kama nyanya. Mwishowe akafungua tangi, akachungulia, akafunga, akapiga teke la ishirini, ikawaka. Aliinyoosha kofia yake, akanitazama kwa huruma, akaenda zake akijua kwamba bila wao tungekufa wote. Nami nilimshukuru kwa moyo. Ndiyo aibu yangu kubwa katika habari hii yote.

Nilichelewa. Ile moja ikafutwa.

"Mwalimu," nilimwambia Naomi, "ni mashine. Nifanye nini?"

"Kuna lori la Jumamosi mpaka Kiomboi."

"Lori nalo huharibika."

"Likiharibika tutalilaumu lori," akasema. "Sasa hivi sijui nimlaumu nani. Baba ameniambia mara ya nne haipo. Ukianza safari hii, umalize."

Singida, kwa fundi

Fundi Ramadhani wa Singida hutengeneza cherehani, baiskeli, saa na taa za karabai, na husema vyote ni ndugu. Nilimsukumia pikipiki ikiwa imekufa maili moja nje ya mji. Alinusa kwanza. Akafungua tangi, akanusa tena, akafunga. Akapiga teke moja. Ikawaka.

"Haina ugonjwa," akasema.

"Ilikuwa nayo sasa hivi!"

"Wewe unaipanda ukiwa na wasiwasi. Mashine hujua."

Nikamwomba hata hivyo aifungue yote. Aliifungua siku mbili, akaitandaza kwenye gunia, akairudisha, skrubu mbili zikabaki. Alisema hizo zilikuwa za ziada tangu kiwandani.

Mgori tena

Jumamosi iliyofuata, jua likiwa linashuka, niliacha kazi mapema ili nijiandae, nikazunguka nyuma ya nyumba. Mzee Ntandu alikuwa ameinama juu ya pikipiki yangu. Kwenye vidole alikuwa na donge la nta, analilainisha taratibu, na dole gumba lake lilikuwa linasugua kifuniko cha tangi.

"Mzee, unafanya nini?"

"Nakuzibia."

"Unazibia nini?"

"Hapa katikati ya kifuniko pana tundu, kama la sindano. Harufu inatokea hapo, nyuki wanakasirika. Tena unapoteza mafuta yako." Alinitazama kama anayesubiri shukrani. "Kila Jumamosi nakuzibia upya. Wiki nzima jua linaiyeyusha nta, yote inaondoka."

Nilikaa chini. Tundu lile ndilo pua ya tangi. Mafuta yakishuka, hewa lazima iingie juu mahali pake, isipoingia mafuta nayo hugoma kushuka. Kila aliyefungua kifuniko alikuwa ameirudishia pumzi. Mama mwenye jembe aliitibu. Kipofu wa Iguguno aliitibu. Mimi na kitabu changu, bwana shamba na mkono wake wa nguvu, fundi na pua yake, tulikuwa tunapuliza plagi.

"Mzee," nikasema, "tundu hili ndilo linaloniozesha."

Nilimweleza.

"Hata mzinga una tundu," akakubali. "Lakini nyuki wenyewe hulipunguza wakitaka. Hii mashine yako haina hata akili ya nyuki."

Tukaafikiana pikipiki ilale upande wa barabarani, mbali na mizinga. Niliitoa nta kwa mwiba wa mgunga.

Jumapili ya nne na ya tano

Sina la kusimulia. Iliwaka, ikaenda, ikafika. Nilisimama mbele, nikatangazwa. Moja. Mbili. Njiani hakuna aliyeniuliza kama mafuta yamo, kwa sababu sikusimama. Mama mwenye jembe alinipungia mkono, nikapita. Mbuzi walipita. Nilikuwa nafika Iguguno kabla chai haijachemka, na nilipata muda wote wa kufikiri ambao zamani niliutumia kupuliza kabureta.

Nyumba ilikuwa tayari. Mzee Yona alikuwa ametengeneza kitanda na kabati, kabati zito ambalo watu wanne hawawezi kulihamisha. Alinionyesha kwa fahari jinsi lilivyokaa.

"Hili," alisema, "halitoki tena humu."

Jumapili ya sita

Niliondoka alfajiri. Teke moja. Asubuhi ya baridi, njia imekauka, mashine inaimba. Nilifika Kinampanda saa nne haijafika. Kengele ilikuwa inapigwa, watu wanamalizikia kuingia. Niliizungusha pikipiki hadi kwenye ukuta wa kanisa, chini ya dirisha, nikaizima.

Kisha, ndugu zangu, nikachuchumaa. Nikatoa spana mfukoni, nikafungua kabureta.

Haikuwa na kitu. Nilijua haina kitu. Niliifungua, nikaipuliza, nikaifunga, nikaifungua tena. Ndani waliimba wimbo wa kwanza, wa pili. Mikono ilinuka petroli, na nilikuwa nafikiria gati la Kisumu, na bandari moja ya kusini ambayo sijafika bado. Nilisikia mchungaji akilitaja jina langu na la Naomi, akasema ni mara ya tatu na ya mwisho. Watu wakageuza shingo kutazama mlango.

"Kama yupo ajuaye kizuizi cha ndoa hii, aseme."

"Mimi ninacho," akasema Naomi.

Mabenchi yalilia kote kanisani.

"Mwalimu," mchungaji akasema kwa upole, "bibi arusi hawezi..."

"Mmeuliza ajuaye. Mimi najua. Pikipiki imefika, sisi sote tumeisikia. Imezimwa hapo chini ya dirisha kabla ya wimbo wa kwanza. Yeye hajafika."

Hakulia. Alisema kwa sauti ile ile ya kusahihisha hesabu. Nilisimama, spana mkononi, kichwa changu kikatokea dirishani. Watu mia mbili waliniona uso, kama utaratibu wao ulivyotaka, na tulitazamana mimi na yeye kwa muda ambao ungemtosha mtu mwingine kuingia ndani. Mlango ulikuwa hatua sita.

Akakaa. Mchungaji akafungua kitabu cha nyimbo.

Kuondoka

Nilidhani Mzee Yona atakuja na randa. Alikuja na maji ya kunawa mikono.

"Ule kwanza," akasema. "Chakula kilipikwa kwa ajili yako. Hakitangazwi mara tatu."

Niliomba kuzungumza na Naomi. Alitoka, akasimama mlangoni, nyuma yake naliona lile kabati.

"Naomi, nilikuwa naingia."

"Najua. Ungeingia. Hata mwaka ujao ungekuwa unaingia." Kisha akalainika kidogo. "Mimi sikukasirika, Zakaria. Pikipiki ilipokuwa mbovu nilikusubiri vizuri sana. Imepona, nikaona."

Chakula sikukigusa mbele yao. Akalifunga paja la kuku katika kitambaa safi pamoja na kipande cha ugali, akanipa kwa mikono miwili, kama mgeni anavyopewa.

"Usisimame njiani," akasema. "Kitapoa."

Hiyo ndiyo siku niliyoiacha Iramba, na Mgori sikurudi hata kuchukua sanduku. Mzee Ntandu analo, na bila shaka ameshalizibia. Pikipiki iliwaka mara moja. Hakuna mwanamume aliyekimbilia porini, wote walisimama kando ya njia wakinitazama nikishuka mlima.

Nilipofika Iguguno nikasimama, nikafungua kitambaa. Kuku alikuwa bado wa moto.